Jiwe la Kufulia

Nilipokuwa mtoto pale Makongeni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, hakuna mtoto aliyeitwa jina lake akiwa juu ya daraja la mawe. Lilijengwa enzi za Wazungu, na Kukhu, nyanya yetu tuliyeishi naye, alisema walimzika kibarua akiwa hai kwenye msingi wake. "Likisikia jina lako, litakutaka," alituonya, ameinama mlangoni akisugua nguo kwenye jiwe la kufulia.

Kwa hiyo tukitoka shule tulivuka kwa majina ya uongo. Mimi, wa miaka kumi, nilikuwa Kibiriti. Mdogo wangu Nekesa, wa miaka saba, alikuwa Sufuria.

"Sufuria tupu!" nilimchokoza.

"Kibiriti kimelowa!"

Mwaka mmoja mvua ya Aprili ilijaza mto hadi karibu na barabara. Ukuta wa pembeni mwa daraja ulikuwa na pengo la upana wa mlango, watu wameng'oa mawe moja moja. Nekesa alisimama hapo kutazama maji.

"Sufuria, toka hapo!"

Alicheka, akazidi kuinama. Hofu ikanishika, nikapiga kelele: "Nekesa!"

Aligeuka ghafla, mguu ukateleza kwenye matope. Walimpata siku ya pili, huko chini karibu na viwanda.

Kukhu aliniuliza swali moja tu. "Ulimwita?"

"Ndiyo."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Nilikua nikijua kwamba mdomo wangu ndio uliomuua.

Siku hizi daraja linahifadhiwa kama turathi, lina kibao, na watoto wa shule huletwa kulitazama. Lilipokarabatiwa, mafundi walipita nyumba kwa nyumba wakiomba mawe ya zamani. Nilikuwa nimemtembelea Mama, anayeishi sasa katika nyumba ile ya Kukhu. Akaonyesha jiwe la kufulia.

"Kukhu wako alilibeba kichwani kutoka pale darajani," alisema. "Kila nyumba ilikuwa na lake."

Kukhu alikuwa ameshakufa. Sikuwa na wa kumuuliza, na nina watoto watatu wa kulisha, kwa hiyo sikukaa chini kulia. Lakini nilielewa. Daraja halikumtaka mtu. Watu wazima walifungua pengo, wakalipita kila siku, kisha wakamwachia mtoto wa miaka kumi lawama.

Nilimsaidia fundi kulibeba. Akalijaribu pengoni, likacheza.

"Limelika sana, mama. Halifai."

Lilikuwa limelika kwa nguo zetu, pamoja na sare ya Nekesa.