Dawa ya Kukandamiza

Jirani yangu wa Stechford, huku ughaibuni, mama wa Kikongo wa rika la mama yangu mzazi, aliniomba nimsindikize hospitali kwa sababu mkalimani hakutokea mara ya kwanza. Mimi ni Mkenya, kazi yangu kuhudumia wazee. Kiswahili chetu hupishana kidogo, lakini tulidhani tutaelewana. Vidole vyake vilikuwa vimevimba hata chupa ya maji hawezi kufungua.

Daktari, mwanamke mpole mwenye haraka, alieleza kwamba kinga ya mwili wake inamshambulia mwenyewe, kwa hiyo atampa dawa ya ku-suppress. Neno lililonijia ni lile nililokuwa nikilisikia redioni kwetu kila uchaguzi.

"Mama, dawa hii itakandamiza kinga yako."

Akavua miwani.

"Miye nilitoka kwetu juu ya kukandamizwa," akasema. "Na huyu docteur naye anataka kunikandamiza?"

Nikajaribu neno kuzima; akauliza kama yeye ni taa. Nikajaribu kubana, akasema vidole vimebanwa vya kutosha. Kudidimiza alikataa hata kabla sijamaliza kulitamka. Daktari alikuwa amesema sentensi moja tu, na sisi tulikuwa bado tunabishana. Akauliza kuna shida gani. Nikamweleza kwa Kiingereza kwamba neno lake, kwetu, ni kazi ya serikali. Hakucheka. Akatazama saa.

Nilipoishiwa maneno, nikamwambia mama kwamba kinga ni kama askari. Nikajuta papo hapo, maana mtu aliyetoka mashariki ya Kongo humtajii askari ili kumtuliza. Lakini nilikuwa nimeshaanza, nikamalizia tu: walipaswa kuwalinda wenyeji, sasa wamewageukia wanawapiga.

Akainama mbele.

"Askari wanapiga raia?"

"Ndiyo, mama."

"Na dawa inakandamiza hao, si miye?"

"Hao tu."

Akavaa miwani, akamgeukia daktari. "Docteur, wakandamize sana."

Daktari akataka kujua amesema nini. Nikang'ata mdomo wa chini, nikakodolea macho bango la kunawa mikono, kisha nikasema amekubali.

Tulionywa kwamba sasa mafua yangemwingia kwa urahisi, basi ajihadhari na watu. Alilitii hilo kupita kiasi. Jumapili kanisani mchungaji alinyoosha mkono, mama akaficha wake ndani ya kitenge, akamweleza kwa heshima kwamba kwa sasa hana jeshi. Mchungaji akamwombea amani ya nchi yake.

Uvimbe ulipungua taratibu. Juzi nilipopita kwake nilimkuta kwenye kochi, mjukuu kakaa chini katikati ya magoti yake, anasukwa. Mtoto alikuwa analalamika kwa Kiingereza kwamba nywele zinavutwa mno, bibi anamjibu kwa Kiswahili atulie, na vidole vinakwenda mbio hata sikuweza kuvifuata kwa macho.