Nilivyokwenda kwa Wagema Kujifunza Baiskeli

Niliondoka Mombasa kwa hasira, na afadhali niseme hivyo mwanzo ili msinitafutie sababu nyingine. Ijumaa alasiri nilianguka na baiskeli pale Makadara, mbele ya wauza viazi na foleni nzima ya tuk-tuk. Sikuumia. Dereva mmoja alinipigia honi sikioni, nikayumba, nikaenda chini, na kabla sijaokota kiatu changu watu walikuwa wameshacheka wakatosheka. Nilipofika nyumbani Mji wa Kale, kaka yangu Athmani alikuwa na habari zote, hata upande nilioangukia.

Mimi ni mwalimu wa chuo. Asubuhi nawasomesha wanawake Kurani hapa mtaani, na saa nane mchana nina darasa jingine Majengo. Goti langu la kulia limekataa kwenda kwa miguu kwenye jua hilo, na tuk-tuk ya saa saba hukwama kwenye foleni mpaka ukaona heri ushuke. Wanafunzi wa Majengo walishaniambia, kwa adabu, kwamba nikiendelea kuchelewa watatafuta mwalimu mwingine. Darasa lile nimelianzisha mimi, kwenye mkeka mmoja. Ndipo nikanunua baiskeli, nikiwa na miaka arubaini na sita.

"Rukia, yeo umetutia aibu," alisema kaka. "Jumatatu asubuhi yuaja mtu kuitwaa baiskeli hiyo. Nimeshampa neno langu."

"Umempa neno lako kwa kitu changu?"

"Kwani wewe wajua kuipanda?"

Hapo ndipo aliponipata, kwa sababu kweli sikujua. Lakini ningejifunzia wapi? Njia za waendao kwa miguu zimeegeshwa magari. Vichochoro vyetu, vilivyojengwa kwa ajili ya watu wawili kupishana na kuulizana hali, sasa ni vya pikipiki. Wasukuma mikokoteni wanajua ninachosema. Katika mji huu mtu asiye na injini huonekana amewazibia njia wenzake.

Jumamosi, saa moja asubuhi, nilikuwa Marikiti na baiskeli yangu. Rafiki yangu Kadzo, muuza nazi, huja na pikapu iliyojaa kutoka kwao Jibana, upande wa Kaloleni, na hurudi nayo tupu. Yeye ndiye aliyeniita.

"Kwetu barabara ni ya changarawe na gari ni hili letu tu," alisema. "Njoo uanguke huko mpaka uchoke, mwalimu. Hakuna wa kukutazama."

Nilikuwa nimemuaga kaka mlangoni. Alishika kichwa. "Mwalimu wa chuo wenda kwa wagema tembo? Watu watasemaje?" Nikamwambia watu hao waje wanibebee goti langu, kisha waseme watakavyo.

Kutoka Makupa hadi Changamwe tulitambaa nyuma ya malori ya makontena. Nilimwona mzee mmoja juu ya baiskeli, amejibanza ukingoni mwa lami, gurudumu moja likiwa mtaroni, na lori likimpita karibu hadi shati lake likapepea. Hakugeuka hata kidogo. Alikuwa amezoea, na kuzoea kwake kulinikera kuliko lile lori.

Saa nne tulikuwa tumepita Mazeras na kukata kulia, tukapanda vilima, kisha tukaiacha lami. Kelele zikaisha. Barabara ya changarawe ilifuata mgongo wa kilima, minazi kulia na kushoto, mihogo na mikorosho ikishuka bondeni, na mbali kabisa kipande chembamba cha bahari. Juu ya minazi vilining'inia vibuyu vya kukingia tembo, na hewa ilikuwa na harufu tamu inayokaribia kuchacha. Sijawahi kuonja kitu hicho na sikwenda kukionja. Walinipa dafu, na walinitengea maji na mkeka wa kusalia kabla sijauliza.

Mchana ule nilianguka mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika. Nilianguka kwenye changarawe, kwenye mchanga, na mara moja kwenye shamba la mihogo la jirani, ambaye alininyanyua, akanisalimu, akaenda zake. Jioni niliitupa baiskeli chini nikamwambia Kadzo kwamba kaka alisema kweli, sina mizani, na Jumatatu waichukue tu.

Sauti ikatoka juu. Alikuwa Karisa, mumewe Kadzo, mgema, aliyekuwa mnazini akikata ncha ya karara kwa tembo la jioni na kubadilisha kibuyu. Kumbe alikuwa akinitazama siku nzima kutoka mti mmoja hadi mwingine.

"Mwalimu, samahani. Mkono wa kushoto una nini?"

"Hauna kitu."

"Mbona hauutumii?"

Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa umeshika buibui. Nilipofikiri nikagundua kwamba tangu siku ya kwanza niliyopanda baiskeli nimeendesha kwa mkono mmoja, huku wa pili ukiinua pindo lisiingie kwenye cheni na kulibana lisipeperuke. Sikuwa nimeamua kufanya hivyo. Mkono umefanya hivyo wenyewe tangu nivunje ungo.

Karisa aliteremka kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, bila haraka. "Mimi nikipanda kwa mkono mmoja, hata kidato cha tatu sifiki," alisema. Akaonyesha shuka yake. Ilikuwa imepitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma kiunoni, imekaza, haina kinachoning'inia. "Nguo ya kazi hufungwa uwinda. Kadzo, mfunge mwenzio." Akachukua vibuyu vyake akatuacha.

Kadzo alinipeleka ndani. Nilikuwa na suruali pana chini, kama kawaida yangu. Alikusanya buibui, akazungusha leso juu yake, akaipitisha katikati ya miguu na kuichomeka nyuma kwa nguvu iliyonitoa pumzi. Nilijitazama. Kila palipotakiwa kufunikwa palikuwa pamefunikwa, tena vizuri kuliko upepo wa Makadara unavyoniachia.

Jumapili asubuhi niliendesha. Nilitoka uani kwa Kadzo nikafuata mgongo wa kilima hadi kanisani, watu wakiimba ndani, nikashuka polepole hadi kivuko cha mto na kupanda tena kwa kusukuma, kwa sababu ya goti. Hakuna gari lililonipita isipokuwa moja. Kundi la wageni lilikuja na baiskeli za bei kubwa, na nyuma yao gari refu limewabebea maji, likitufukiza vumbi sisi sote. Njia nzima isiyo na magari, na wao wamekuja na lao. Mmoja aliinua simu kunipiga picha bila hata kunisalimu. Nilimwambia "Usinipige" kwa sauti ya darasani, akaishusha.

Jioni nilikwenda tena na tena kwenye kile kipande cha barabara mpaka Kadzo akaniita ndani. Nilifurahi, sikatai, lakini nikiwa juu ya kiti cha baiskeli nilikuwa nikimkasirikia kila mtu. Jambo hili dogo la kufunga nguo lilinigharimu maanguko, aibu, na karibu darasa langu.

Jumatatu, saa moja na nusu, pikapu ilinishusha Marikiti katikati ya nazi. Nilifunga uwinda mwenyewe nyuma ya magunia, nikapanda. Pale Makadara tuk-tuk zilipiga honi nami nilikaa katikati ya njia, mikono miwili kwenye usukani, sikumpisha mtu. Dereva mmoja alitukana. Nilimrudishia salamu nikimtaja kwa jina la babake, kwa sababu namjua, mkewe ni mwanafunzi wangu.

Nyumbani, kaka alikuwa barazani na mnunuzi, kahawa mbele yao. Nilisimama bila kuanguka. Mnunuzi alinitazama, akamtazama kaka, akamaliza kikombe chake na kuaga. Ni mtu mwenye akili.

"Na hivyo ndivyo ulivyopita mbele za watu?" aliuliza kaka.

"Ndivyo."

"Nguo umeifungaje hiyo?"

"Kuna kilichoonekana?"

Alitazama kwa makini, maana ni mtu wa haki akilazimika. "Hapana," alisema. "Hapana kitu."

Saa nane kasorobo nilikuwa Majengo, wa kwanza kufika, nikakaa kwenye mkeka kuwasubiri wanafunzi. Nyinyi mnaonisoma mtauliza nimejifunza nini huko kwa wagema. Nimejifunza kwamba mizani nilikuwa nayo siku zote. Mama, shangazi, walimu wangu, kaka, wote tangu utotoni waliniambia nishike nguo yangu. Hakuna aliyeniambia kwamba nikiifunga vizuri naweza kuiachia. Na kilichonikasirisha zaidi, nikiwa pale mkekani peke yangu, ni kukumbuka ni wasichana wangapi ambao mimi mwenyewe nimewaambia vilevile.