Hamira Ametoka Kutema

Kila asubuhi, rojo la kwanza la keki likishakorogwa, Hamira alichovya kidole chake cha mwisho, akakilamba, akafumba macho kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani nyuma ya ukuta, kisha akafungua mlango wa nyuma na kwenda kutema mtaroni. Kulikuwa na bomba hapo nje. Alisukutua, akapangusa mdomo kwa ncha ya aproni, akarudi ndani na kutoa hukumu. "Chumvi imezidi." Au, "Haya mayai ni ya juzi." Siku nyingine hakusema kitu, na hapo wenzake walijua kwamba keki imekaa sawa, wakaanza kumimina.

Asiyejua angedhani ni maringo. Hayakuwa maringo, ilikuwa sukari. Mtu alishinda kutwa ametapakaa sukari hadi kwenye nyusi, halafu kliniki wakamwambia anayo nyingine ndani, na hiyo ndiyo mbaya. Kabla ya kliniki zilitangulia kiu isiyokatika na safari za chooni, na wenzake wakamtania kwamba sisimizi wa jiko lote wamehamia kwake. Utani uliisha nesi alipomwonyesha kipimo. Tangu hapo Hamira alionja kwa ajili ya watu na kutema kwa ajili yake.

Jina alilipata ujanani, alipokuwa msaidizi wa jiko katika shule ya bweni. Mpishi mkuu alimwagiza atie hamira kwenye unga "kiasi chake," naye, kwa kuwa hakuambiwa kiasi cha nani, akamimina kopo zima. Unga uliumuka ukasukuma mfuniko, ukashuka kwenye beseni, ukaanza safari ya mlangoni. Wanafunzi walikula mikate ile hadi wakachoka, na kijana akatoka na jina. Miaka ilivyokwenda mwili nao ukaumuka, jina likamkaa vizuri zaidi.

Duka la mikate na keki lilikuwa la dada mkubwa wa mke wake. Hamira alimwita Shemeji, na kwa kuwa neno hilo lilisikika humo kutoka asubuhi hadi kufunga, wote walilichukua: msichana wa kaunta, mleta unga, hata wateja ambao hawakuoa wala kuolewa upande ule. Shemeji alikuwa mwanamke wa vicheko na mkono mwepesi wa kutoa. Ukikaa kwake, chai yako ilikwisha kutiwa sukari kabla hujaulizwa unatia vijiko vingapi. Kumwona mtu anakunywa chai isiyo na sukari kulimuuma kama kumwona mtu amelala nje.

Hamira alikuwa na hamu moja tu, na hakuificha. Alitaka kuoka keki ambayo ataonja na kumeza. Tena isikae kwake nyumbani kama dawa, ikae kwenye kabati la kioo pamoja na nyingine, mtu wa aina yake akiingia dukani naye aelekeze kidole. Kila alipolileta jambo hilo, Shemeji alicheka hadi akashika kiuno.

"Keki isiyo na sukari ni mkate wenye kiburi," alisema.

Basi akajaribu nyumbani, siku za mapumziko, katika oveni ndogo ya gesi ambayo mlango wake ulifungwa kwa waya. Ya kwanza ilitoka ngumu, mke wake akaipachika chini ya mlango wa chumbani uliokuwa ukipigwa na upepo, na kwa kweli ilifanya kazi hiyo vizuri. Ya pili iliporomoka katikati. Iliyofuata ilinuka mayai matupu. Hamira hakukata tamaa. Alipunguza unga, ule kidogo uliobaki akatumia usiokobolewa, akaongeza karanga zilizosagwa laini, mtindi, mdalasini, iliki na maganda ya limau yaliyoparuzwa, na kwa utamu akatia chembe chache za ule utamu usio sukari unaouzwa duka la dawa. Ikitoka alikula kipande kimoja, akasubiri, kisha akajichoma kidole na kuangalia kipimo. Mke wake alikiita kipimo kile hakimu. "Hakimu amesemaje leo?" aliuliza akiwa jikoni. Siku hakimu aliponyamaza, namba ikawa imejongea kidogo tu, Hamira alikaa kimya kwenye kiti na bati mapajani, mke akadhani ameugua.

Kuanzia hapo alibeba kipande kazini, kwenye kopo lenye mfuniko, kiwe chakula chake cha mchana. Shemeji alikionja kwa ncha ya kisu, akamwonea huruma.

Siku moja msichana wa kaunta aliingiza kichwa kwenye kidirisha cha jikoni. Imeagizwa keki ya sukari, alisema, ya kesho mchana. Kuna babu anatimiza miaka themanini, mkwe wake ndiye amepiga simu, na amesisitiza kweli kweli: ya sukari.

Hamira aliacha kupiga mayai. "Ya sukari, au ya mwenye sukari?"

Msichana alisema yeye amesikia ya sukari. Shemeji akadakia kwamba tangu azaliwe hajaona keki ya pilipili, na mtu akisisitiza sukari maana yake anataka ionekane. Hamira aliomba simu ipigwe, wamuulize mteja. Shemeji akamwambia hawezi kumpigia mtu mzima kumuuliza kama sukari ni sukari, watasema duka limechoka. Hamira akameza maneno. Hayo angalau hakukatazwa kumeza.

Shemeji aliitengeneza mwenyewe. Aliipaka krimu nyeupe pande zote, akaizungushia maua ya waridi ya sukari, akayatilia shanga za sukari katikati, na juu, ili pasibaki nafasi tupu, akanyunyizia sukari ya unga. Ilimeta kama bibi harusi. Kesho yake Hamira aliibeba kwa mikono miwili kama anayembeba mtoto aliyelala, kopo lake la mchana likining'inia begani katika mfuko, na kwa kuwa nyumba haikuwa mbali akaenda kwa miguu.

Sebule ilijaa viti vya kuazima vya kila rangi. Babu, fundi saa mstaafu, alikaa katikati, mwembamba, amenyooka, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Sanduku likafunguliwa. Wajukuu wakashangilia, wakubwa wakatazamana. Mkwe wake uso ukamshuka.

Babu aliitazama keki kwa muda, akaigeukia familia.

"Mkwe wangu, hii ni ya kusherehekea miaka yangu au ya kuimaliza?"

Kicheko kilipotulia, mkwe, jasho likimtiririka, alieleza kwamba alisema ya sukari, yaani ya watu wa sukari, kama wanavyosema kliniki, angesemaje tena? Hamira aliomba radhi. Kosa ni letu, alisema, tulipaswa kuuliza. Babu akapunga mkono kwamba hakuna neno, watoto wakate, yeye atakula kwa macho. Akaiweka mikono yake mapajani, kiganja juu ya kiganja.

Mkao ule Hamira aliufahamu. Ndivyo alivyokaa yeye mwenyewe kwenye kila harusi tangu alipopata sukari. Kabla hajajishauri, kopo lilikuwa limeshatoka mfukoni.

"Babu, hii ni yangu ya mchana. Nami ni mwenzako."

Babu aliinama akainusa. Akauliza ina nini, Hamira akamtajia kimoja kimoja. Akauliza nani ameipika.

"Mimi."

"Basi kula wewe kwanza."

Hamira alikata kidogo, akatia mdomoni, akatafuna. Kwa mazoea ya miaka, macho yake yakaenda mlangoni.

"Unatafuta nini huko?" Babu aliuliza. "Hata mpishi anataka kukimbia?"

Hamira akameza. Kisha akaeleza habari ya mtaro na bomba, sebule nzima ikacheka, na Babu akacheka hadi akakohoa. Alikula kipande chake taratibu, makombo akayaokota kwa kidole kilicholowa mate. Alipotaka kingine binti yake aliliondoa kopo. "Kipande kimoja, baba. Hata hii ina kiasi chake."

Hamira alirudi dukani anatembea kama mwenye viatu vipya. Shemeji alipoambiwa kilichotokea alishika kichwa, akampigia mkwe wa Babu kuomba radhi, lakini simu ilipokatwa alikuwa anatabasamu. Familia ilitaka keki kama ile ya kwenye kopo kila wiki, na wenzake Babu wa kliniki nao walitaka. Kabla ya kufunga duka, kibao kilikuwa nje. Hamira alisimama nyuma ya msichana wa kaunta akihakikisha haruki neno: KEKI YA WENYE SUKARI.

Zilikuwa wiki nzuri. Watu waliingia dukani wakiwa na aibu kidogo, kama wanaonunua kitu cha siri, wakatoka wakipiga soga. Mmoja, fundi viatu, alisimama mbele ya kabati la kioo na kuelekeza kidole bila kusema neno, na Hamira, aliyekuwa akichungulia kidirishani, ilibidi ajifanye unga umemwingia machoni.

Asubuhi moja alichovya kidole kwenye rojo la keki zile, ambalo siku hizo Shemeji alikuwa akilikoroga yeye ili kumpunguzia kazi, na ambalo Hamira alikuwa hajalionja tangu hapo. Kidole kikaganda ulimini. Kulikuwa na utamu usiokuwa wake. Akatoka, akatema, akarudi na kuuliza kuna nini humu.

"Asali," Shemeji alisema bila wasiwasi. Ilikuwa siku kadhaa sasa. Keki zilikuwa zinamtia huzuni, zikitoka tanurini zinamtazama kama yatima, akaona azisaidie.

"Shemeji, asali ni sukari."

"Asali siyo sukari. Asali ni dawa. Mama yetu katulea kwa asali, muulize mkeo."

Hakuwa anadanganya, aliamini hivyo kwa moyo wake wote, na hapo ndipo palikuwa pagumu. Hamira alibeba kipande nyumbani, akala, akasubiri, akajichoma. Namba ilipanda kama ule unga wa shule ya bweni. Kesho yake alimweleza Shemeji. Akajibiwa kwamba bila shaka hakunawa, kidole kilikuwa na asali. Akarudia, safari hii amenawa hadi viwiko mbele ya mke wake, na hakimu akasema vilevile.

Siku iliyofuata binti yake Babu alikuja kaunta, mwenye furaha. Keki za siku hizi zimekolea, alisema, baba sasa anaiba kipande cha pili, na mara nyingine hawamwoni. Hamira alisikia hayo kupitia kidirisha. Alitoka na aproni yake, akaushika mfuko aliokuwa ameshapewa, na kumwambia hizi asichukue, zimetiwa asali, aende akampime baba yake leo hii.

Mwanamke alipoondoka, Shemeji alimvuta jikoni. Hakupaza sauti. Alisema amemwaibisha kwenye kaunta yake mwenyewe, kwa sababu ya asali, kitu ambacho watu wanapeana zawadi. Wateja wanasifu, yeye analia.

"Mimi nikionja natema," Hamira alisema. "Wale wanameza."

"Basi waambie nao wateme," Shemeji alijibu, na jiko zima likacheka, maana alijua kuchekesha. Hamira hakucheka. Aliomba mawili: asali iondoke, au kibao kiondoke. Shemeji akasema asali inabaki, na kibao kinabaki.

Jioni alimweleza mke wake yote. Mke alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja.

"Ukitoka, toka vizuri," alisema mwishowe. "Yule ni dada yangu, nitakaa naye kwenye sherehe zote zilizobaki duniani. Usibamize mlango."

Kisha akachukua kipande kipya cha waya na kukaza mlango wa oveni.

Asubuhi Hamira alifika kama kawaida, akasalimia kila mtu, akawasha tanuri. Bati lake, alilokuja nalo kutoka nyumbani miaka mingi nyuma na ambalo hakuna mwingine aliyelipenda kwa sababu lilikuwa limepinda, aliliegemeza nje karibu na bomba. Shemeji alikoroga rojo la keki za wenye sukari, akiimba. Hamira akachovya kidole, akalamba, akafumba macho. Jiko likasubiri.

Akafungua mlango wa nyuma.

Alitema mtaroni. Alisukutua vizuri kuliko siku zote, akapangusa mdomo kwa ncha ya aproni, kisha akaivua, akaikunja mara nne na kuiweka juu ya bomba, pakavu. Akasogeza jiwe kwa mguu, akaliweka mbele ya mlango ili upepo usije ukaubamiza. Akachukua bati.

Nyumba ya Babu fundi saa, mteja wa kwanza wa keki zake, ilikuwa upande wa kushoto, mitaa michache tu, na nyumbani mke wake alishaanza kuparuza limau. Alipofika pembeni mwa ukuta alisikia sauti ya Shemeji kupitia mlango uliobaki wazi, ikiuliza hukumu ni nini, wamimine au wasimimine, na huyu mtu yuko wapi.

"Ametoka kutema," msichana wa kaunta alisema.

"Basi tumsubiri," alisema Shemeji.

Hamira alilihamishia bati kwapa la pili, akakata kona.