Mume Wangu Alikuwa Akinipima Kwenye Mizani ya Tumbaku

Wasomaji wenzangu, mwenye ukurasa huu ameniahidi kwamba jina langu litabaki kwake, basi nasema yote. Nina miaka ishirini na mbili, nimesoma mpaka darasa la nne, na naishi kijiji kimoja si mbali na Mpanda, upande wa barabara ya Katumba. Nina mtoto mmoja wa kike, tumwite Koleta, ana mwaka na miezi miwili na bado ananyonya. Mume wangu ni karani wa mizani kwenye ghala la tumbaku la kijiji. Nampenda. Nalitanguliza hilo msije mkanisoma vibaya.

Nilipojifungua nilinenepa. Mama yangu alikuja kuniuguza miezi mitatu, asubuhi uji wa karanga, jioni supu, na kwetu mzazi akinawiri wanaosifiwa ni wakwe. Mume wangu naye alifurahi mpaka Jumapili moja tukienda misa. Alinipakia nyuma ya baiskeli, mtoto nimempakata. Karibu na kanisa keria ikakatika nikaanguka kwa makalio. Vijana wakacheka, mmoja akasema leo karani kabeba robota la tumbaku la daraja la kwanza. Mume wangu hakuniinua. Alinizaba kofi pale pale, Koleta akiwa mikononi mwangu.

Jumamosi iliyofuata akanipeleka ghalani, akanipandisha kwenye mizani ya tumbaku. Kilo themanini na moja. Akasema anataka sitini na tano, na kila Jumamosi atanipima. Mgambo walikuwa wanaanza mafunzo pale kijijini, na ni yeye mwenyewe aliyekwenda kuandikisha jina langu, eti nikakimbizwe.

Nilikimbizwa kweli. Alfajiri mchakamchaka mpaka mtoni na kurudi, halafu pushapu, halafu kubeba magunia ya mchanga, na mwisho tunafundishwa kumkamata mtu aliyeshika panga. Mwezi wa kwanza nilishuka mpaka sabini na saba. Nilirudi nyumbani naimba. Jumamosi iliyofuata sabini na saba. Iliyofuata, sabini na saba. Hapo ndipo alipouchukua mpira aliokata kwenye tyubu ya baiskeli, ule wa kufungia mizigo, akaanza kunichapa nao mgongoni. Alisema nakula kwa siri. Niliacha ugali wa usiku, nikabaki na kikombe cha uji, maziwa yakapungua, Koleta analia akivuta titi tupu. Jumamosi ikifika mshale unasimama pale pale, nami nachapwa. Nilihesabu Jumamosi nane. Ya sita alinipiga mpaka nikajikojolea, na mama mkwe alikuwa uani anapepeta mchele, hakugeuka.

Ajabu ni kwamba nguo zilikuwa zinanipwaya. Shanga za kiunoni zilikuwa zinateleza mpaka nikazifunga upya mara mbili. Nilimweleza afande wetu, mzee mmoja aliyewahi kuwa askari, akanishika mkono wa juu akabonyeza, akacheka. Alisema, "Binti, mafuta yametoka, imeingia misuli. Na misuli nayo ina uzito wake." Nilimpelekea mume wangu maneno hayo kwa furaha, kama mtoto aliyefaulu mtihani. Akasikia moja tu, kwamba nimeshikwa mkono. Akaniuliza huyo afande ananilisha nini huko porini.

Jumamosi ya tisa hakuchukua mpira. Nilikuwa nimekaa namnyonyesha mtoto, akaja na mchi wa kinu ameuinua juu. Wasomaji, sikuwaza kitu. Nilimwachia Koleta akaviringika kwenye mkeka, nikaudaka ule mkono kama tulivyofundishwa, nikauzungusha nyuma. Ulilia kama muwa mkavu. Mchi ukaanguka, na yeye akaanguka juu yake, amekuwa mweupe mdomoni, anamwita mama yake.

Nililia kuliko yeye. Nilimfunga mkono kwa kanga, nikampakia kwenye ile keria tuliyoikaza kwa waya, Koleta mgongoni, nikaisukuma baiskeli maili nane mpaka hospitali Mpanda. Kwenye vilima hakushuka hata mara moja. Zile kilo sabini na saba ndizo zilizomfikisha. Tulimwambia daktari ameanguka.

Sasa ana plasta wiki ya tano. Namwogesha, namkatia tonge namlisha. Amekuwa mtu mwingine, ananitania, anamchezesha Koleta kwa mkono mmoja, Jumamosi zinapita hataji mizani. Juzi alilia akaniomba msamaha, na moyo wangu ukayeyuka wote. Ila ana sharti. Anataka niache mgambo kabla plasta haijakatwa, na mama mkwe anataka nipige magoti mbele ya ukoo kwa kuvunja mkono wa mume. Plasta inakatwa Alhamisi ijayo. Sisi tunahitimu Ijumaa, na nimeambiwa nitatembea mstari wa mbele.

Nilimwambia sawa, nitaacha, lakini naye autupe ule mpira. Akautazama pale unaponing'inia kwenye msumari, akanijibu kwa upole kabisa, "Uache tu, mama Koleta. Utatufaa kwa mizigo."

Baiskeli tumeiuza ili kulipia matibabu yake, hatuna tena cha kufungia mzigo.

Nataka kuamini. Nataka mtoto wangu akue na baba yake. Kila nikifagia chumba napita chini ya ule msumari, na mkono wangu wenyewe unakunja ngumi bila mimi kuutuma. Nyie mlioolewa kabla yangu, na nyie wanaume mliowahi kupiga mkaacha, niambieni kabla ya Alhamisi: nikubali, au nifanye nini?