Kila Kidole na Jani Lake

Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto wa Dorca vilikuwa vimeshikana tangu utotoni, na wala hakuvificha. Kwa mkono huohuo alikuwa amefunga vidonda miaka kumi na minne akiwa muuguzi katika zahanati ya misheni karibu na Mamboleo, na aliyetilia shaka kazi yake alikaribishwa kuja kuifanya mwenyewe.

Mwaka wa 1993 aliletewa Rehma, mkaangaji wa mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Mafuta ya karai yalikuwa yamemmwagikia mkono wa kulia, na wenzake, kama kawaida yao, wakampaka mafuta ya samaki juu yake. Dorca aliyaosha akinung'unika. Mtu ameungua kwa mafuta, halafu anaongezwa mafuta.

Siku ya pili bandeji ilipobanduliwa, iliondoka na ngozi changa. Rehma alilia mpaka sauti ikamkauka. Bila mkono ule hangeweza kugeuza samaki, na kazi nyingine hakuwa nayo.

"Daktari, hii bandeji inamchuna," Dorca alimwambia Walubengo, tabibu wa zahanati. "Wacha nitumie majani ya ndizi na asali."

"Sister, hapa ni hospitali, si jikoni."

"Jikoni ndiko alikoungulia. Nipe siku tatu."

Alimpa, shingo upande. Dorca akachagua majani machanga, akayachemsha, akayapoza ndani ya sufuria iliyofunikwa, akayapaka asali na kukizungushia kila kidole jani lake. Siku ya tatu majani yalitoka bila kuvuta kitu. Walubengo alichungulia, akajikuna kidevu, akaagiza asali zaidi.

Jumatatu iliyofuata Rehma alirudi na vidole vyote vimefungwa pamoja ndani ya jani moja kubwa, kamba ya katani juu. Wifi yake aliona majani matano ni uharibifu, akamfunga jinsi anavyofunga samaki wa kuoka.

Hasira zilimpanda Dorca. "Nani alikwambia ukubali?"

"Lakini Sister, imeshika vizuri. Haianguki."

Dorca akauweka mkono wake wa kushoto mezani. "Angalia hapa. Mimi nilichomwa na uji nikiwa na miaka sita. Nyanya yangu alinifunga hivyo hivyo, na alinipenda sana. Ilishika vizuri pia."

Rehma alivitazama vile vidole, kisha akaunyoosha mkono ufunguliwe. Ngozi ilikuwa imeanza kuungana kati ya vidole viwili. Dorca aliilowesha kwa maji ya chumvi na kuiachanisha taratibu, wote wawili wakitokwa jasho.

Baada ya wiki tano Rehma aliingia zahanati akakunjua vidole vyake, vyote vitano, kila kimoja peke yake. Akaushika mkono wa kushoto wa Dorca, akapitisha vidole vyake vipya katikati ya vya mwenzake. Cha mwisho kilikosa pa kuingia. Hapo Dorca alilia, kisha akamfukuza arudi kwenye karai lake.