Sauti ya Rafaeli Bado Inalima Kizwite

Saa kumi na mbili asubuhi. Baridi ya Kizwite inauma masikio, na kutoka shamba moja pembeni mwa makazi inasikika sauti nzito ya kiume: “Diwani! Kushoto, baba. Taratibu.”

Mwanamume hayupo. Aliyeshika plau ni Avelina Kauzeni, mjane wa miaka 58. Sauti hiyo ni ya marehemu mumewe, Rafaeli. Anaiiga.

“Mwanzoni watu walicheka sana,” anasema, sasa kwa sauti yake nyembamba. “Jirani yangu Janeth alidondosha ndoo ya maji. Akaniambia, ‘Mama, nilijua baba amerudi!’”

Rafaeli aliwalimia watu kwa maksai. Wengine hulima wawili, mmoja mbele anaongoza ng'ombe, mwingine nyuma na plau, fimbo juu. Yeye alilima peke yake, na fimbo hakuwa nayo. Maksai wake walifuata maneno tu.

Alipofariki, miaka mitatu iliyopita, Avelina aliwafunga nira akawaamuru kwa sauti yake. Hawakusogea. Akakata fimbo, akampiga Diwani, mmoja wa wale wawili. Diwani akalala chini, nira shingoni.

“Nikakaa palepale kwenye udongo nikalia. Halafu nikajaribu kusema kama yeye. Akainuka.”

Sasa yeye ndiye anayewalimia watu, na ekari moja humpatia shilingi elfu sitini. Watoto wako Mbeya, hupiga simu Jumapili. Siku nyingine zote anaongea na ng'ombe.

Maksai mwenza wa Diwani alikufa mwaka jana. Diwani mwenyewe amezeeka, magoti yanatetemeka. Msimu huu amefungwa nira moja na kijana, Simenti, wa rangi ya kijivu. Mzee akigeuka, kijana anavutwa naye, hivyo hivyo mpaka azoee maneno. Diwani akianguka kabla Simenti hajajua, basi, ulimaji ule wa Rafaeli umekwisha.

Shigela, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, amesimama ukingoni mwa shamba.

“Mama, huyo amebaki pembe tu. Niuzie, nikuletee vijana wawili.”

“Wanajua nini?”

“Wanajua fimbo.”

“Basi kaa nao, baba.”

Shigela anacheka, anaondoka zake.

Mwisho wa shamba Diwani anasimama, anahema. Avelina anamwacha apumue. Kisha anasema polepole, kwa sauti yake mwenyewe: “Simenti. Twende.”

Simenti anatangulia kukanyaga. Mzee anavutwa naye.

Avelina anawafuata na plau mpaka upande wa pili. Ndipo anaeleza mpango wake: amalize msimu, amnunulie Simenti mwenzake, na Simenti amfundishe huyo mgeni. Watalima bila fimbo, kwa sauti yake yeye. Diwani hatauzwa. Atakula majani nyuma ya nyumba.

“Ile sauti ya Rafaeli nitamwitia Diwani jioni, arudi zizini,” anasema. “Ni yeye tu aliyebaki anayeijua.”