Tochi Yenye Kuvaa Koti

Mwanangu, iko siku moja hainitoki mu kichwa, na leo nitakupatia ile siku yote. Juu juzi nilikuona. Mwenzako aliingia mu atelier, hapa mu karakana yetu, na weye haraka haraka ukatupa kitambaa juu ya kazi yako, ukajifanya unatafuta tournevis ya kukazia misumari. Roho yangu ilishtuka, juu ile kitambaa naijua tangu zamani.

Wakati nilikuwa binti, nilikuwa najifunza kutengeneza bintu ya courant, ya umeme, kwa patron moja, fundi mukubwa wa huku Vulamba. Tulikuwa babinti babili, miye Masika na Kavira, mutoto wa mama yangu mukubwa. Tulikuwa nalala ku kitanda moja, tunaimba mu chorale moja ya kanisa, na mi nilikuwa na wivu naye ya kufa. Nakuambia wazi. Soudure ya Kavira, kule kuunganisha nyaya na risasi ya moto, ilikuwa nangaa; yangu ilikuwa nafanya mabonge mabonge sawa bugali ya mutu mwenye hajui kupika. Patron akipita nyuma ya Kavira, alikuwa anasema, "Hm." Akipita nyuma yangu, hakuna kintu. Ile "hm" ilikuwa inanichoma kuliko chuma ya soudure.

Kiisha mununuzi moja wa kakao akatoka Beni. Madepot yake, maghala ya Beni na ya Kamango, yalikuwa na giza hata mchana, na kakao yenye kuoza inajifichaka katikati ya gunia. Alikuwa anatafuta tochi ya nguvu, hapana zile za soko zenye kuchoka mbele ya kazi kuisha. Patron akatuita.

"Kila mutu atengeneze yake," akasema. "Mwenye tochi yake itamupendeza huyu papa, huyu muzee, ni yeye nitamutia ku atelier mupya ya Beni. Atashika ufunguo."

Ufunguo, mwanangu. Mi binti wa mulimaji wa Kirumba, nishike ufunguo ya atelier. Chakula ikanikosa tamu.

Hakuna kati yetu mwenye alikuwa amekwisha kutengeneza tochi ya namna ile. Nilifungula ordinateur ya kufa, ile kompyuta, nikatosha mabatterie yake ndani, nikapima moja moja, nikachagua zenye zilikuwa zingali na nguvu. LED, ile taa yenyewe, ilikuwa jicho ndogo, haipite ukucha, lakini ikiwaka inatoa moto ya ajabu. Patron alikuwa ametuonya: "Mwangaza ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kutosha moto, kuitoa inje. LED ikikosa pahali ya kutupia moto yake, inakufa." Basi nilikata bomba ya aluminium, na kuzunguka shingo yake nikachonga mabawa na musumeno ya chuma, nyembamba nyembamba, juu upepo ipite katikati. Chini ya LED nikapaka ile pâte nyeupe ya kupitisha moto, kidogo tu, vile tulifundishwa. Mikono yangu ilitoka malengelenge. Na yalikuwa mabawa mazuri, mwanangu. Hata leo nikiyakumbuka najipenda.

Sasa ndiyo wivu ikaingia na mulango ingine. Mbele nilikuwa naonea Kavira wivu juu ya mikono yake. Sasa nikaanza kuonea wivu mabawa yangu mwenyewe, asiyaone, asiyaige. Yeye hakuwa na shida hiyo. Tochi yake ilikuwa inalala ku meza, kila mwenye kupita anaigusa. Alikuwa amefunga LED ku kipande ya radiateur, ile chuma ya kupoza moto, ya ampli ya muziki ya zamani, mubaya kuangalia.

"Masika, nionyeshe yako basi," akaniomba. "Yangu inapata moto, sijue nimekosea wapi."

"Ngojea siku yake," nikamujibu.

Kiisha nikakamata mupira ya ndani ya pneu ya gari, ile batu ba chukudu, zile baiskeli ya mbao ya kusukuma, banafungiaka mizigo yabo, nikaikata, nikaishona koti. Nikaivalisha tochi yangu kutoka shingo mpaka mukia. Ikakuwa nyeusi, yenye kushikika muzuri mu mukono, na mabawa hata moja haikuonekana.

Mama ya patron, tulikuwa tunamuita mukaka, maana yake bibi, alikuwa anakaaka ku mulango ya atelier na mbabula yake ya makaa, anapika maharagi na kuona yote. Akaniona nashona.

"Unavalisha nani?"

"Tochi, mukaka."

"Iko na baridi?"

Batu bakacheka. Mi nikanuna, nikaendelea kushona.

Siku ya kupima, tuliingia mu depot ya kahawa ya jirani, bakafunga madirisha yote. Tochi ya Kavira ikawaka, muzuri, hapana sana. Yangu ikawaka, na depot ikakuwa mchana. Buibui ku paa, ungehesabu miguu yake. Huyu papa wa kakao akasema, "Hii ndiyo tochi." Na patron, nyuma yangu, akasema, "Hm." Ile "hm" ilikuwa yangu. Unajua nilifanya nini? Sikuangalia mwangaza. Niliangalia uso ya Kavira, nione vile anaumia.

Papa akaanza kufungula magunia, moja kiisha ingine, na mi namumulikia. Mukono ikaanza kusikia joto. Mupira ikaanza kunuka. Nilijua, mwanangu. Nilijua ni nini, na nilijua dawa yake: kuvua ile koti tu. Lakini kuivua mbele ya Kavira, hapana. Nikakaza vidole. Mwangaza ikageuka rangi ya blue, kiisha ikazimika, na haikuwaka tena. Papa akamaliza magunia na tochi ya Kavira, ile yenye haikushangaza mutu.

Inje, Kavira akaitosha yangu mu mukono, akapasua koti na wembe. Akaangalia mabawa, akayapitisha kidole.

"Masika, hii kazi inashinda yangu," akasema. "Juu ya nini uliificha?"

Angenicheka ingekuwa afazali.

Mukaka alikuwa anakoroga maharagi, hakuinua hata macho. "Mutoto yangu, wivu ni moto, kila roho inawakaka. Nyungu ikichemuka unaiachia nafasi ya kupumua. Weye umefunika, ndiyo maana umeungua. Bankambo, batu betu ba zamani, balisema mwenye kuficha uchi hazae."

Ufunguo ikaenda na Kavira. Mpaka leo yeye iko Beni, na tochi zake ziko na mabawa, yale yangu. Batu banakuya hapa kuniambia, "Mama Masika, umeona tochi za Kavira?" Nasema nimeona. Na hapa chini ya mbavu panawaka kidogo, sitakudanganya kama palipona. Tofauti ni moja: siku hizi ninamupigia simu. Namuambia, "Kavira, ile yako mupya inanitia wivu, uliifanya namna gani?" Anacheka mpaka anakohoa, kiisha ananielezea. Mingi yenye ninakufundisha ilitoka mu zile simu.

Basi, mwanangu, sikukatazi wivu. Sina uwezo, na mi mwenyewe ningali nayo. Ninakukataza kuishonea koti. Kazi ikingali mubaya, muite mwenzako, muambie, "Angalia, nimekosea wapi?" Akiiga, aige, hakuna mwenye kuiga kazi ya bule. Na ukisikia mukono yako inaungua, usingojee batu bageuke. Vua palepale.

Mungu abariki vidole vyako, akuchungie macho mpaka uzeeni. Na akupe mutu mwenye kukushinda, amukalishe karibu yako, ku meza moja, mupate kuulizana. Amina. Mwenzako iko anakuya. Enda utoshe ile kitambaa juu ya kazi yako.